Maduhu na Pikipiki ya Kukusanya Watu

Maduhu wa Tinde alikuwa na shamba la pamba la kawaida, ng'ombe wa kawaida, na sauti isiyokuwa ya kawaida. Jioni akimwita mbwa wake, mbwa wa kijiji cha pili nao walikuja. Kwa sauti hiyo alipata uningi angali kijana, yaani akawa kiongozi wa kikundi cha ngoma, mtunzi wa nyimbo zake na mpigaji wa ngoma kubwa. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya, mpenda viatu. Tena alikuwa na tabia moja iliyomchosha mkewe, Mbuke: hakuweza kukiri kwamba kitu alichokinunua ni kibovu.

Haya ninayoyaandika niliyapata kwa Mbuke, na baadaye kwa Thobias, ambaye nitamtaja sasa hivi. Walipotofautiana nimemwamini Mbuke, kwa sababu yeye ndiye aliyesukuma.

Kwa msomaji asiyekulia Usukumani niseme kwa kifupi kwamba wachezaji wetu wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, na kila mwaka pamba ikishauzwa pande hizo hushindana. Hutengwa viwanja viwili jirani, ngoma zikaanza kwa pamoja. Hakuna anayepima nani kacheza vizuri. Watazamaji huenda wanakopenda, hurudi, huhama tena, na jua linapogusa vilima mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji cha mahali hapo, hupuliza filimbi. Upande uliozungukwa na watu wengi wakati filimbi inalia ndio umeshinda. Unaweza kucheza tangu mchana mpaka vumbi likuote kichwani, lakini kama dakika ile watu wamekimbilia kwa mwenzako kumtazama nungunungu, umeshindwa.

Maduhu alikuwa Mgika. Thobias alikuwa Mgalu, tena binamu yake, mtoto wa shangazi, na kwetu mabinamu ni watani mpaka kaburini. Alikuwa amehamia Geita na mifugo yake kama Wasukuma wengi wa miaka ile, akabatizwa, akabadili jina, ila ulimi hakuubadili. Mwaka wa hamsini na tatu Maduhu alikwenda Geita na kikundi chake kushindana naye. Mambo yalikuwa mazuri mpaka jua liliposhuka, ndipo Thobias akamtoa nyani aliyevalishwa koti, aliyefunzwa kuvuta kiko. Filimbi ilipolia Maduhu alikuwa anawaimbia wachezaji wake mwenyewe tu.

Kikundi kiliporudi Tinde kilikaa kikao. Msaidizi wa Maduhu, Bartholomeo, mtu mwenye sauti ndogo lakini anayejua kuzungumza na watu, alisema kwa upole:

"Kaka, hatukulaumu. Ila mwakani tukishindwa tena kwa Thobias, ngoma kubwa utaniachia mimi."

Maduhu aliwatazama wengine. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kuangalia chini. Akaelewa kwamba limekwisha kupitishwa kabla yeye hajafika.

Basi mwaka mzima aliwaza jambo litakalomshinda nyani. Alilipata Shinyanga mjini, nyuma ya duka la Mhindi mmoja, chini ya magunia: pikipiki kuukuu ya vita, rangi ya kijani iliyochujuka, yenye tangi kama tumbo la mbuzi na taa moja iliyopasuka. Mwenye duka alimwambia kweli tupu, kwamba ina uzee. Maduhu alisikia kwamba ina historia. Akainunua, akajifunza kuiendesha katika mashamba yaliyovunwa, na mpango wake akautangaza kwa kila mtu: ataingia uwanjani Geita juu ya pikipiki, manyoya ya mbuni kichwani, akiimba huku akiwazunguka Bagika, na hapo nyani na avute kiko mpaka koo limkauke.

Kikundi kilipanda lori la pamba. Dereva alisema pikipiki nayo ina nafasi.

"Ipande lori?" Maduhu alishangaa. "Umewahi kuona bwana harusi anabebwa mgongoni?"

"Nimewaona wengi wakirudi hivyo," dereva akamjibu, akaondoka.

Mbuke alipanda nyuma, juu ya gunia lililokunjwa, akiwa ameifunga ngoma kubwa mgongoni kwa kanga kama mtoto, kwa sababu Maduhu hakutaka Bartholomeo asafiri nayo. Binti yao, Mageni, aliachwa kwa bibi. Walitoka Tinde wakipigiwa vigelegele, na kwa kipande kizuri cha barabara ya Isaka Maduhu aliimba. Kisha pikipiki ikakohoa, ikanyamaza, naye akajikuta anaimba peke yake katikati ya nchi tambarare.

"Imechoka kidogo," alisema.

"Tumetoka sasa hivi, Baba Mageni."

"Ndiyo. Mwanzo ndio unaochosha."

Aliipiga kiki mpaka kiatu kikamtoka. Akafungua hiki, akafuta kile, akachomoa mpira wa petroli akaupuliza, akaurudisha. Mbuke alisukuma. Ikawaka, wakaenda, ikazima. Hivyo ndivyo walivyofika Isaka, kwa vipande. Pale Isaka ikazima kabisa karibu na stesheni, na kwa kuwa treni ya Mwanza ilikuwa imesimama, abiria walishuka kutazama. Walikuja pia wauza mihogo, wabeba mizigo, na wachunga mbuzi na mbuzi wao.

"Bwana, inakula nini hiyo?" mmoja aliuliza.

"Petroli."

"Jaribu majani. Hilo jicho lake linaonyesha njaa."

"Mama," mwingine alimwambia Mbuke, "mtoto wako ana kichwa kikubwa."

"Kamrithi baba yake," Mbuke akajibu bila kugeuka, akasukuma.

Baada ya Isaka kulikuwa na mzee mmoja wa baiskeli aliyebeba matenga ya kuku. Pikipiki ilimpita kwa kishindo na vumbi. Ilipozima, mzee akawafikia taratibu, akashuka kama adabu inavyotaka, akasimama.

"Shikamoo, babu," Maduhu alisema.

"Marahaba. Mwadila. Habari za Tinde?" Baada ya salamu hiyo ya Kisukuma akauliza habari za mvua, za ng'ombe, za wagonjwa, zote zikajibiwa, ndipo akapanda baiskeli akaenda. Pikipiki ikawaka, ikampita kwa kishindo. Ikazima. Mzee akafika, akashuka. Shikamoo, marahaba, habari za tangu pale. Mara ya tatu Maduhu alijifanya anatafuta kitu vichakani, naye Mbuke akajibu salamu zote, kisha akauliza:

"Babu, huna nafasi hapo nyuma?"

"Ninayo ya mtu mmoja," mzee alisema, akiiangalia ngoma. "Mtoto mtampakata."

Mbuke aliniambia kwamba kama si ngoma ile angepanda.

Walilala Kahama kwa ndugu, na asubuhi wakashika njia ya kaskazini inayopita porini kwenda Geita. Mashindano yalikuwa jioni ya siku hiyo hiyo. Maduhu hakuimba tena. Kila pikipiki ilipokohoa alikuwa anatazama jua.

Katikati ya pori palikuwa na kizuizi cha mbung'o. Serikali ya wakati ule ilikuwa inapigana na mdudu huyo anayeleta malale na kuua mifugo, na msafiri hakuruhusiwa kumbeba kutoka porini mpaka kwenye ng'ombe wa watu. Mwenda kwa miguu alipitishiwa wavu mwilini. Mwenye chombo alikiingiza katika banda la giza lenye kidirisha kimoja, ili mbung'o wafuate mwanga wakanaswe hapo. Mlinzi wa kizuizi alikuwa Mzinza anayeitwa Athanas, kaptula ya kaki imepigwa pasi, wavu begani.

"Zima mashine, ingiza bandani," alisema.

"Mheshimiwa, nikizima haiwaki."

"Mbung'o hupenda kitu kinachotembea na kutetemeka. Hiyo yako inatetemeka kuliko ng'ombe mwenye homa. Zima."

"Basi niingie nayo ikinguruma."

"Banda likijaa moshi nitakufa mimi, mbung'o abaki."

"Zima tu, Baba Mageni," Mbuke alisema akishuka. "Hata ukikataa, itajizima."

Kabla Maduhu hajajibu, ikajizima.

Wakaiingiza bandani, wakakaa nayo gizani watu watatu kimya, wakisikiliza mbung'o wakigonga kidirisha. Athanas akampitishia Maduhu wavu, akampitishia Mbuke, akafika kwenye kanga.

"Na mtoto umgeuze."

"Siyo mtoto. Ni ngoma."

Athanas alifikiri kidogo. "Igeuze vilevile," akasema.

Walipotoka nje haikuwaka. Maduhu alipiga kiki mpaka akaanza kuongea na pikipiki kwa Kisukuma, kwanza kwa heshima, kisha si kwa heshima. Na pale porini, mahali ambapo hapakuonekana hata moshi wa jiko, watu wakaanza kutokea. Wakaja warina asali, wakaja wanawake wenye kuni, wakaja vijana wa kufyeka pori na mashoka yao, wakasimama kwa duara. Athanas aliwatazama kwa mshangao.

"Nipo hapa tangu mvua za mwaka jana," alisema. "Hawa wote sikujua kama wapo."

Mbuke alikuwa amechoka kutazama. Alimwona mumewe akichomoa ule mpira wa petroli mara nyingi kiasi cha kuweza kuuchomoa mwenyewe usingizini, basi akauchomoa, akauweka mdomoni, akauvuta badala ya kuupuliza. Akatema petroli, na pamoja nayo kitu kingine. Akakiokota, akakisugua kwa vidole, akakinusa.

"Baba Mageni," alisema, "petroli ya Mhindi ina mizizi?"

Maduhu akainama kufunga kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka.

"Nakuuliza wewe."

"Ni dawa," alisema kwa sauti ndogo kuliko ya Bartholomeo. "Dawa ya mvuto. Mganga alisema niiweke kwenye kitu kitakachonikusanyia watu."

"Alisema uiweke, au uinyweshe?"

"Ningeipaka nje, vumbi lingeiondoa."

Mbuke akalitazama lile duara la watu, warina asali na wafyeka pori, akakumbuka Isaka na treni yake. Ndipo akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini na ngoma yake.

"Mganga wako hana kosa," alisema. "Dawa inafanya kazi. Kila inapokwama, watu hao."

Athanas aliwapa debe. Petroli yote ilimwagwa humo, ikachujwa kwa kanga ya pili ya Mbuke, na kwenye kanga ikabaki tope la kahawia lenye harufu ya dukani na ya msituni. Tangi likasuguliwa, mpira ukasafishwa. Mbuke alipokwenda kurudisha debe, Maduhu alichota tope kidogo kwa ncha ya kidole akalirudisha ndani ya tangi, maana alihofu kwamba bila dawa hata kidogo atafika Geita atazamwe na Bartholomeo peke yake. Mbuke alimwona. Alinyamaza, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kubishana na watu wawili, mumewe na mganga.

Ikawaka mara moja. Vijana wa mashoka walishangilia, Athanas akainua wavu wake kuwaaga, na kwa mara ya kwanza tangu Tinde ile pikipiki ikaenda kama pikipiki. Walipita pori, wakapita mashamba mapya ya wahamiaji, jua likishuka upande wao wa kushoto, na hatimaye wakaisikia ngoma.

Maduhu alisimamisha pembeni bila kuzima, akavaa manyoya ya mbuni, akampa Mbuke kofia yake.

"Unaona?" alisema.

"Endesha tu."

Uwanja ulikuwa nje ya Geita, mahali penye mteremko mzuri. Bagalu wa Thobias walikuwa juu, kando ya barabara, na Bagika wa Tinde chini, kuelekea bondeni. Bartholomeo alikuwa ameanza na ngoma ndogo walizokuja nazo kwenye lori, anaimba kwa ile sauti yake, na si haba, alikuwa na watu. Thobias alikuwa na watu zaidi kidogo. Nyani alikuwepo, safari hii na miwani. Wachimbaji wa mgodini waliotoka zamu, watu wa makabila yote, walikuwa wanapanda na kushuka kati ya viwanja hivyo viwili bila kuamua.

Hapo pikipiki ikatokea kilimani na mshindo wake. Vichwa vyote viligeuka. Maduhu aliinuka kwenye tandiko, manyoya yakipepea, akafungua kinywa, na ile sauti iliyokuwa inaita mbwa wa vijiji viwili ikatoka. Watu wakaanza kukimbia kumfuata. Kilichobaki ni kukata kona moja, aushuke mteremko, awafikie wenzake.

Ilikohoa kwenye kona. Ikapiga chafya. Ikajikokota mpaka katikati kabisa ya uwanja wa Thobias, ikamtia nyani hofu akakimbia na kiko chake, ikazima.

Watu walifika kutoka pande zote. Waliokuwa juu walisogea, waliokuwa chini walipanda, wachimbaji wakapandiana mabegani ili waone. Kule bondeni Bartholomeo alibaki na wachezaji wake na kikongwe mmoja aliyelala.

"Karibu, binamu!" Thobias alipaza sauti. "Mwaka jana uliniletea ushindi kwa miguu, mwaka huu umeuleta kwa gurudumu!" Akageukia watu, akatunga papo hapo wimbo wa kumshukuru mtoto wa mjomba aliyesukuma zawadi toka Tinde asiombwe. Watu wakauitikia.

Maduhu alipiga kiki. Watu wakaongezeka.

"Usiache," Thobias alimhimiza. "Ipige tena, wanapenda."

Maduhu akaushusha mguu polepole. Alikuwa ameelewa kwamba kila teke analopiga anamchezea Thobias. Jua lilikuwa limebakiza kimo cha mtu juu ya vilima, na mwanangwa, mzee mnene wa koti jeupe, alikuwa ameishika filimbi mkononi.

Thobias husema lililofuata lilikuwa wazo la Maduhu. Mbuke husema lilikuwa lake, kwamba alimsogelea mumewe akamnong'oneza:

"Ukiiacha, watabaki nayo. Ukiisukuma peke yako, watacheka wakiwa hapa hapa. Mpandishe."

"Nani?"

"Huyo anayependa kutazamwa."

Maduhu akamtazama binamu yake. Kisha akavua manyoya ya mbuni kichwani, akainua mikono, na uwanja ukanyamaza.

"Nimekubali," alisema. "Thobias ni mshindi. Lakini mshindi hasimami chini kama sisi. Binamu, panda."

"Mimi?" Thobias alisema, huku tayari ameinua mguu.

"Au nimwite nyani?"

Watu walicheka sana, na Thobias akapanda kabla nyani hajapatikana. Maduhu akamvika manyoya. Akamkalisha vizuri, akamwekea mikono kwenye usukani.

"Shika hapa na hapa. Hiki usikiguse."

"Ni nini?"

"Hakikuhusu," Maduhu alisema. Ilikuwa breki. "Jamani wa mgodini! Nisaidieni kumzungusha mshindi, mzunguko mmoja tu!"

Hawakuhitaji kuombwa mara mbili. Wachimbaji waliishika pikipiki nyuma na ubavuni, Maduhu akashika usukani kwa mkono mmoja, na wakaanza kuzunguka. Thobias alikuwa na desturi ya kufumba macho anapofika kwenye ubeti mzuri, na huu aliokuwa anautunga ulikuwa mzuri kuliko yote. Mzunguko ukapanuka kidogo. Ukapanuka tena. Upande wa bondeni ardhi ikainama, magurudumu yakaipenda, na wasukumaji wakawa sasa ni wakimbiaji. Nyuma yao ukafuata uwanja mzima, Bagalu kwa Bagika, kila mtu akiogopa kukosa kitakachotokea.

Mbuke alikuwa ametangulia mbio. Alipofika chini alifungua kanga, akaitua ngoma kubwa mbele ya Bagika, na Maduhu alipoiachia pikipiki ikajizamisha kwenye mchanga akairukia ngoma hiyo akaipiga. Bartholomeo alisogea pembeni mwenyewe. Wachezaji wakafunga duara kuwazunguka wote.

Thobias alifumbua macho.

"Hapa ni wapi?" aliuliza.

Filimbi ikalia.

Kule juu kulikuwa na vumbi tu, na nyani mtini. Thobias alimfuata mwanangwa kwa sauti bila kushuka kwenye tandiko.

"Hawa watu ni wangu! Wamenifuata mimi!"

"Nani kamfuata nani sijui," mwanangwa alisema. "Mimi naangalia watu walipo. Wewe mwenyewe uko uwanja gani?"

Thobias alitazama kulia na kushoto.

"Uko wa nani?" mwanangwa alirudia.

"Wa Bagika," Thobias alisema.

"Basi na wewe nimekuhesabia huko."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mgodini. Bartholomeo hakusema neno juu ya ngoma kubwa, si siku hiyo wala mwaka uliofuata, na Maduhu aliipiga mpaka mikono yake mwenyewe ilipokataa, uzeeni. Lakini jioni ile hayo hayakuwa yamejulikana bado. Thobias alishuka, akapangusa suruali, akamrudishia binamu yake manyoya moja moja.

"Umeniiba," alisema.

"Nimekuiba?" Maduhu akamjibu, akiendelea kupiga. "Nimekupakia bure, Thobias. Muulize mke wangu, yeye amekuja mpaka huku akisukuma."